Siku Bango Lilipoacha Kuwasalimia Wakubwa

Bango la kutangazia dharura lilipowashwa kwa mara ya kwanza, hakuna aliyelisoma. Fundi aliyekuja nalo kwa ndege kutoka Kinshasa alilifunga kwenye nguzo mbili za chuma juu ya kivuko, pale wanaposhukia watu wa mitumbwi kutoka Alunguli, akaunganisha nyaya, na herufi nyekundu zikaanza kukimbia angani. Zilikuwa herufi za Kichina. Umati ukanyamaza kwa heshima. Mzee mmoja muuza tumbaku alizitazama mpaka zikarudi mara ya pili, kisha akasema, "Hiyo dharura iko na wenyewe. Wacha wapambane nayo," akaendelea kufunga tumbaku yake.

Nilicheka sana. Sikujua kwamba kati ya matangazo yote ya hatari ambayo bango lile lingetoa, hilo ndilo lililopokelewa kwa utulivu mkubwa zaidi.

Kazi yangu ilianza wiki ile ile. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta, katika mji ambao umeme ukirudi watoto hupiga makofi, na mradi ulikuwa unatafuta kijana wa kuandika ujumbe wa bango. Huku kwetu neno mradi halihitaji jina wala ukoo. Mradi ni mradi: una gari jeupe, una fulana, una tarehe ya kuondoka. Huu ulikuwa wa kuwaonya watu juu ya hatari. Lualaba ikijaa, bango liseme. Kipindupindu kikiingia, bango liseme. Upepo mbaya ukija, bango liwazuie watu kuvuka. Kabla ya hapo, mto ukijaa, tulijua kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Ulikuwa utaratibu wa kizamani, hata betri haukuwa nayo.

Nilipewa kontena kuukuu pembeni ya kivuko, kompyuta, kiti, na feni iliyozungusha shingo kama mtu anayekataa deni. Chini ya bango, dada mmoja akaweka meza ya kuchaji simu, akivuta umeme wa betri zile zile za jua. Hakuna aliyempa ruhusa na hakuna aliyemkataza. Simu za nusu ya Alunguli zilishinda pale, maana ng'ambo ya mto hapakuwa na umeme wa kuzungumziwa. Niliwaambia wakubwa wangu kwamba siku moja dharura itafika na kukuta betri imenywewa na simu. Wakanijibu kwamba meza ile ni tunda la mradi kwa wanawake, wakaja kuipiga picha.

Lakini ugonjwa wa bango haukuwa betri. Ugonjwa ulikuwa salamu.

Asiyeijua Kindu, mji wetu, lazima aelezwe. Hotuba ya kwetu ina kichwa kikubwa na mkia mfupi. Anayesimama kuzungumza, hata kama anafungua choo cha shule, huanza kwa kuwasalimia waliopo kwa vyeo vyao na kwa mpangilio wao, kuanzia gavana mpaka chifu wa mtaa, na akimruka mmoja, hotuba imeharibika na aliyeitoa ameharibika nayo. Siku ya kuzindua bango, wakubwa walisalimiana kwa zamu chini ya jua mpaka mwanakwaya mmoja akaanguka. Kuhusu bango lenyewe niliambulia sentensi moja, nayo ilikuwa ya kushukuru.

Mlinzi wa elimu hiyo alikuwa mkuu wa protokoli, mtu mfupi mwenye suti ya kahawia ambayo hakuivua hata siku ambazo kuku walikuwa wanahema. Ungemwamsha usingizini, angekuambia bila kufungua macho kama spika anatangulia mbele ya kamanda au nyuma yake. Alikuja kontenani kukagua ujumbe wangu wa kwanza, akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma: MSINYWE MAJI YA MTO BILA KUCHEMSHA.

"Ingenia," akaniita, ingawa si mhandisi. "Nani anasema?"

"Bango, shefu."

"Bango njo nani?"

Chuo kikuu hakikuwa kimeniandaa kwa swali la bango ndiye nani.

"Muntu akiingia kwako bila hodi," akaendelea, "bila hata habari za asubuhi, akakuambia usikunywe maji, utamufanya nini?"

"Kama maji iko na kipindupindu, nitamushukuru."

"Utamufukuza. Weka salamu."

Nikaweka salamu. Kwa heshima ya Mheshimiwa Gavana wa Jimbo, Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jimbo, Kamanda wa Jeshi, Kamanda wa Polisi, Mheshimiwa Meya wa Mji, mabwana na mabibi wakuu wa idara, viongozi wa dini zote, machifu, na ninyi nyote kwa vyeo vyenu, tunawatangazia kwamba. Baada ya "kwamba" ndipo kipindupindu kilipopata nafasi yake.

"Shefu," nikamuuliza siku hiyo, "na kama muntu iko anazama?"

"Kuzama siyo sababu ya kukosa adabu," akasema, akatoka.

Bango lilionyesha maneno matatu au manne kwa wakati mmoja. Fundi alikuwa amepunguza mwendo wa herufi, kwa amri, ili wakubwa waweze kujisoma bila miwani. Mtumbwi uliweza kuondoka Alunguli wakati bango linaanza na gavana, ukatia nanga kwetu likiwa bado kwa makamanda. Nilieleza jambo hilo kikaoni. Nikachora mchoro. Nikaambiwa mchoro ni mzuri.

Watu, kwa upande wao, hawakuwa na malalamiko. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wapiga kasia waliikariri orodha nzima na kuitumia kupigia kasia: gavana, vuta, spika, vuta, kamanda wa jeshi, vuta. Waliooana Jumamosi walikuja kupigwa picha chini yake, na wakamngoja meya apite nyuma ya kichwa cha bibi harusi. Mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Kampene alinisihi nimwingize kwenye orodha, popote, hata baada ya machifu. Ujumbe wenyewe, ule uliokuwa sababu ya nguzo na nyaya na mshahara wangu, haukumhusu mtu.

Na katika wote hao, aliyenichosha kuliko wengine ni mama mukubwa.

Mama mukubwa ni dada wa mama yangu, yule aliyemtangulia kuzaliwa. Ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu alifariki kabla sijaanza kukumbuka nyuso. Anaishi Alunguli, na kila asubuhi alikuwa anavuka na beseni la sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, kuja kuuza upande wetu. Kabla ya kwenda sokoni alipita mlangoni kwangu. Hajui kusoma, na bango aliliita tele, yaani televisheni.

"Hiyo tele yako inasema nini leo?"

Naanza kumsomea. Kwa heshima ya Mheshimiwa Gavana.

"Iko?"

"Yuko."

"Na wa jeshi?"

"Naye yuko."

"Meya?"

"Yuko, mama mukubwa. Sasa ngoja, maneno yenyewe ni kwamba..."

"Basi. Alhamdulillahi." Beseni kichwani, huyo ameondoka, na mimi nimebaki na kipindupindu mdomoni bila wa kumpa.

Siku moja nilimfuata mpaka njiani. "Haujasikia bado neno hata moja."

"Nimesikia yote," akasema bila kugeuka. "Uko unasoma vizuri. Walikufundisha."

Niliwahadithia wenzangu tuliosoma pamoja, tukacheka, tukasema ndiyo maana nchi haiendi. Tulikuwa na maelezo mengi ya kwa nini nchi haiendi. Tulikuwa hatuna kazi nyingi.

Na mimi, zaidi ya wote, sikuwa mgeni wa jambo lile. Miaka ya vita nilikuwa mtoto wa kushikwa mkono, na wakati huo tulikaa upande huu wa mto. Mji ulikuwa umefungwa: waasi ndani, wapiganaji wa msituni wameuzunguka, na sisi katikati kama nyama ndani ya sambusa. Mashamba tuliyaona kwa macho, lakini aliyekwenda kung'oa muhogo alikutana na bunduki iliyomuuliza muhogo ni wa upande gani. Treni haikuja. Chumvi ililambwa kwa ncha ya kidole, na mwenye chumvi alikuwa mtu wa kutembelewa.

Habari za dharura zililetwa na jipu lenye kipaza sauti. Lilipita polepole kwenye mitaa, na kila mara lilianza kwa majina ya wakubwa wake: kwa amri ya komanda fulani, kwa amri ya mkuu wa eneo fulani, kwa idhini ya fulani mwingine. Watu wazima walitoka mlangoni, wakasikiliza sehemu hiyo wameinamisha vichwa. Jipu lilipofika kwenye amri zenyewe, kwamba barabara zifyekwe, kwamba kila nyumba itoe kuku, walikuwa wamekwisha kurudi ndani. Nilidhani watu wazima huwa viziwi kuelekea mwisho wa sentensi.

Asubuhi moja jipu lilipita na sauti ngeni. Halikutaja mkubwa yeyote. Lilisema tu: tulieni, mtu asivuke mto. Kwa ufupi, kwa lugha nyepesi, jambo moja moja. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu aliandika ubaoni kwamba ujumbe wa dharura unatakiwa kuwa hivyo hasa. Mama mukubwa aliweka mchi chini.

"Leo hawana mukubwa," akamwambia jirani kwa juu ya ua. "Muntu hana mukubwa, anaokota chake."

Akanifunga mgongoni, ingawa miguu yangu ilikaribia kuburuza chini, akashuka mtoni. Nusu ya mtaa ilikuwa pale tayari, nayo ilikuwa imesikia tangazo lile lile na kulielewa vile vile. Mchana huo upande tuliouacha uliporwa mpaka fremu za milango. Tulikwenda Alunguli kwa siku chache. Mama mukubwa bado yuko huko. Siku zenyewe hazijaisha.

Haya yote niliyajua. Niliyaweka kwenye fungu la historia, na bango nikaliweka kwenye fungu la teknolojia, na sikuona sababu ya kuyakutanisha. Shahada inasaidia sana katika kupanga mafungu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa majira ya mvua kubwa, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo huko juu mto unakotoka. Asubuhi Lualaba ilikuja na rangi ya udongo, imevimba, imebeba miti mizima na mizizi yake. Mtumbwi mmoja uligongwa na gogo karibu kabisa na ukingo wetu. Watu wakatolewa majini, mahindi yao hayakutolewa. Mkuu wa kivuko akaja kontenani akiwa amelowa mpaka magotini.

"Andika wasivuke," akasema. "Wangu hawanisikilize, wanasema wamezoea mto. Labda watasikiliza hiyo tele."

Jambo lilikuwa wazi, na kwangu lilikuwa na sura. Mama mukubwa hakuwa amevuka bado. Kutoka Alunguli bango halisomeki, ni nukta nyekundu tu, lakini wapiga kasia wa ng'ambo husoma mitumbwi yetu: ya kwetu ikisimama, nao wanasimama. Kwa hiyo ilitosha kuwazuia wa upande huu. Nilikwisha kuwaona kwa mbali akina mama wanashuka na mabeseni, wadogo kama punje za mtama.

Nikampigia simu. Ikaita. Iliita chini ya bango, mezani, katikati ya simu nyingine. Dada wa kuchaji akainua shingo.

"Mama mukubwa wako aliisahau jana," akasema. "Imejaa, umwambie aje kuichukua."

Nikarudi ndani kuandika. Lakini ujumbe usingeweza kutoka bila idhini ya protokoli, na protokoli ilikuwa na msiba wake. Usiku uliotangulia ilitangazwa kwamba mmoja wa wakubwa walioko kwenye orodha amebadilishwa. Yule mpya alikuwa amefika na barua yake. Yule wa zamani alikuwa amekaa ofisini na funguo zake, akisema barua hiyo hajaiona. Cheo kimoja, watu wawili, na wote wawili wanapita kivukoni na gari. Mkuu wa protokoli alikuja kwa miguu katika mvua, suti imegeuka nyeusi kwa maji.

"Tuwaweke wote wawili," nikamwambia.

"Nani wa kwanza?"

"Kwa alfabeti."

Akanitazama kana kwamba nimependekeza tumchinje gavana. "Alfabeti haina cheo."

"Basi tuweke mupya."

"Na kama wa zamani akibaki?"

"Tuweke wa zamani."

"Mupya njo atasaini mushahara wangu."

"Shefu, angalia mtoni. Kule iko watu."

Akaangalia. Sitaki kumsingizia, aliangalia kweli, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona. Akajifuta maji machoni, akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafikia uamuzi bila kuuliza mtu.

"Basi tusiweke muntu," akasema.

"Hata gavana?"

"Hata gavana. Ukimuruka mumoja, njo matusi. Ukiwaruka wote, njo dharura."

Nusura nimkumbatie. Kwa miezi nilikuwa nimeomba hivyo, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa mchoro. Nikafuta heshima zote, nikaandika: HATARI. MTO UMEJAA. MSIVUKE. Maneno yalikuwa machache kiasi kwamba yalienea kwenye bango bila kukimbia. Yakasimama pale, makubwa, mekundu, yakiwaka na kuzima. Nilitoka nje kuyaangalia. Nilijisikia kama mtu ambaye hatimaye nchi yake imemsikia.

Mpiga kasia mmoja aliyekuwa anakwangua tope kwenye mtumbwi wake aliyasoma kwa sauti. Akangoja. Bango likawaka na maneno yale yale.

"Na gavana?" mama mmoja muuza samaki akamuuliza kutoka nyuma yake.

"Hayuko."

"Wa jeshi je?"

"Hayuko."

"Angalia vizuri. Meya?"

"Mama, nakuambia hakuna muntu. Wameondoka wote."

"Wameondoka ao wameondolewa?"

"Haisemi. Inasema tu iko hatari, tusivuke."

Yule mama akaanza kukunja kitambaa chake na samaki ndani yake, bila haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo zamani na mikono haijasahau.

"Kama wanatukataza kuvuka," akasema, "njo kusema kuvuka iko muzuri."

Sijawahi kuona ujumbe ukisambaa vile. Ulipanda kutoka kivukoni, ukaingia sokoni, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine, milango ya bati ikilia kama mtu anashuka ngazi. Halafu soko lote likageuka na kuteremka, likija kule kule kwenye mto, na magodoro, na mbuzi, na chungu kikiwa bado na wali. Askari polisi aliyekuwa zamu kivukoni alisoma bango, akavua bereti, akaichomeka ndani ya shati. Dada wa kuchaji akazibeba simu zote kwenye kitenge, zikawa zinalia zote kwa pamoja kifuani pake, maana kila mtu alikuwa anampigia ndugu yake. Mkuu wa kivuko alisimama mbele ya mitumbwi na mikono imenyooshwa. Walimpita kwa adabu, pande zote mbili.

Nilipiga kelele kwamba ni maji tu, hakuna vita. Mzee mmoja akanishika bega. "Njo vile walisema na wakati ule, mutoto yangu," akanifariji, akaingia mtumbwini.

Mkuu wa protokoli alitoka kontenani akifunga vifungo.

"Iko nini?"

"Serikali imeanguka, mzee," akasema mtu aliyekuwa anapita mbio.

"Nani amesema?"

"Bango."

Akainua macho, akasoma kama mtu anayekutana na habari mpya.

"Shefu," nikamwambia, "ni sisi tumeandika. Sasa hivi. Wewe na mimi."

"Najua." Akautazama umati. "Lakini watu wote hawa hawawezi kukimbia bure. Labda kuna kitu wamejua."

Akateremka majini. Na niseme haki: hata katika kukimbia kule, watu walimpisha, na kwenye mtumbwi akapewa nafasi ya mbele, kwa cheo chake.

Nilikimbilia kompyuta. Nikamrudisha gavana, nikamrudisha spika, makamanda, meya. Wale wawili wa cheo kimoja niliwaweka bega kwa bega, bila kujali nani wa kwanza, na dunia haikupasuka. Herufi zikaanza kutambaa kwa mwendo wao wa zamani. Mtu akasoma kwa sauti: gavana iko, spika iko. Walioko nyuma wakapunguza mwendo. Kamanda wa jeshi iko. Mbuzi wakawekwa chini. Alipofika kwa machifu, watu walikuwa wanapandisha magodoro kurudi nyumbani, wengine wakichekana nani alikimbia zaidi. Askari akavaa bereti yake, imekunjamana. Serikali ilikuwa imeanguka na kurudi kabla chai ya dada wa kuchaji haijapoa. Baadaye ripoti ya mradi iliandika kwamba ujumbe uliwafikia wananchi kwa kasi ya kuridhisha na kwamba jamii iliitikia kwa wingi. Sikuona pa kusahihisha. Kila neno lilikuwa kweli.

Ila mitumbwi iliyokuwa imeondoka ilikuwa imeondoka. Niliifuata kwa macho ikisukumwa upande, ikikwepa magogo, ikigusa ukingo wa Alunguli mbali kabisa na kituo chake. Ilifika yote, Mungu aliamua hivyo, na ilikuwa imebeba habari kwamba Kindu imeanguka. Nikaona punje za mtama ng'ambo zikitawanyika, zikipanda mlima, zikipotea kati ya nyumba. Nikashusha pumzi. Kwa njia ya kijinga kuliko zote, mama mukubwa alikuwa amezuiwa kuvuka.

Ndipo nikaona mtumbwi mmoja unatoka Alunguli kuja kwetu.

Mitumbwi mingine yote ilikuwa imekimbia kutoka upande wetu, na huo ulikuwa unakuja. Mpiga kasia alikuwa nyuma, na mbele alikaa mtu mmoja amejifunga kitambaa cha njano kichwani. Nilikijua kitambaa. Nilimnunulia mwenyewe.

Mti mkubwa ulikuwa unateremka katikati ya mto, mizizi juu, unajigeuza taratibu kama mnyama anayetafuta pa kulala. Mtumbwi ukaingia nyuma yake. Sikuuona tena. Mimi ni mtu wa maswali, nimezoea kuwa nayo mengi kwa wakati mmoja, kuhusu Mungu, kuhusu mradi, kuhusu wanaotuongoza. Pale ukingoni lilibaki moja, na mti haukuwa na haraka ya kulijibu. Ulipopita, mtumbwi ulikuwepo, umekaa kiubavu, unakwenda na maji.

Nikakimbia nao. Nilikimbia kando ya mto, nikapita kwenye yadi ya reli kati ya mabehewa yaliyooza, nikaanguka kwenye tope, nikaamka. Mto uliwatupa kwenye matete chini ya ile yadi. Mpiga kasia alikuwa amekumbatia mti, anatapika. Mama mukubwa alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, maji magotini, akiyachota na beseni lake na kuyarudisha mtoni kwa hasira, kama anamrudishia mtu kitu kibovu. Beseni halikuwa na sombe.

Akaniona. Akanichunguza kutoka kichwani mpaka miguuni, tope lote.

"Uko muzima?"

"Niko."

"Wamekugusa?"

"Hakuna aliyenigusa, mama mukubwa. Hakuna vita."

"Ingia, twende."

"Hakuna vita. Ni bango. Wakubwa wawili wana kiti kimoja, hatukujua nani aanze, tukaona tuwaache wote." Nikaeleza mpaka mwisho. Nilivyozidi kueleza, ndivyo jambo lilivyozidi kuwa la kipumbavu, na hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo gavana iko," akasema.

"Yuko."

"Na sombe yangu?"

"Iko wapi?"

"Nimeimwaga mtoni, mutumbwi ikuwe nyepesi. Ilikuwa ya watu wa harusi, waliniagiza. Sasa watu wa harusi niwaambie nini? Niwaambie sombe ilikufa kwenye vita? Vita gani?"

Nikamuuliza swali langu. "Watu wote walikuwa wanakimbilia kwenu. Wewe ukaja huku. Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Huku."

"Sasa uko unaniuliza nini?"

Akanipa beseni nilishike. Akashuka kwenye matete, akanikamata kifundo cha mkono, si kiganja, kifundo, kama anavyokamatwa mtoto karibu na barabara, na akaanza kunivuta kupanda ukingo.

"Na ujifute hiyo tope," akasema. "Watu wanatuangalia."

Nikajifuta kwa mkono uliobaki, beseni kwapani. Ule mwingine hakuuachia.

Mpiga kasia aliita kutoka chini, bado ameshika mti wake. "Mama, na miye? Nitarudi namna gani?"

"Njoo ule kwanza," akamjibu bila kusimama. "Utarudi mto ikifunguliwa. Leo wamekataza kuvuka, haukusikia?"